Picha ya Karibu

"Rudisha nyuma," Mutindi alisema.

Dirie hakusogea. Alikuwa amepiga goti nyuma ya kamera, jicho moja kwenye kioo, jingine amelifumba. "Nirudishe nini nyuma?"

"Kamera. Mpaka pale kwa ghala."

"Tukienda kwa ghala hawa watu watakuwa wadogo kama siafu."

"Wawe siafu."

Dirie aliinua kichwa akamtazama. Alikuwa kijana wa Garissa, mpole, mwenye subira ya mtu aliyelelewa na ngamia, na mwaka mzima chuoni Nairobi walikuwa wamefanya kazi pamoja bila kukosana. Lakini tangu asubuhi hii kila alipoisogeza kamera karibu na bwana harusi na bibi harusi wao, Mutindi aliirudisha. Sasa subira yake ilikuwa inafika ukingoni.

"Mkufunzi atatuuliza kwa nini huyu bwana harusi hana uso," alisema.

"Nitamjibu mimi."

Chuoni walikuwa wamefundishwa kwamba picha ya mbali humwonyesha mtazamaji watu wako wapi, na picha ya karibu humwonyesha wana nini moyoni. Mutindi aliliandika hilo katika mtihani, na mkufunzi akalisoma mbele ya darasa zima. Ila wakati ule hakuwa na wa kumwonea wivu. Sasa alikuwa nyumbani kwao Nunguni, Agosti ya mwaka 1987, akipiga filamu yake ya kumalizia masomo, na kitu kimoja ambacho hakutaka kukiona duniani ni kile kilichokuwa moyoni mwa Musembi.

Maana Musembi alikuwa wake. Si wa kuposwa, si wa kutangazwa kanisani, lakini wake. Walikuwa wamependana tangu likizo ile ya kwanza alipotoka Nairobi na kumkuta akifundisha katika shule ya msingi ya pale kilimani. Na aliyemvisha Musembi koti la bwana harusi ni Mutindi mwenyewe, baada ya mwigizaji waliyemtegemea kushikwa na malaria. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bibi harusi pia alimtafuta mwenyewe, akapita nyumba baada ya nyumba akitaka uso ambao kamera itaupenda, mpaka akampata Mbula, binti wa Mzee Mulei. Kamera ilimpenda Mbula. Tatizo ni kwamba haikuelekea kuwa kamera peke yake.

Mbula alikuwa na mwanya ulioonekana kabla hajacheka, na shingo ya mtu anayeimba sauti ya kwanza kanisani bila kujikaza. Asubuhi hiyo, Dirie akiwa bado anapima mwanga, Mutindi aliinama kwenye kioo kutazama kama shoti imekaa vizuri. Akaona mkono wa Musembi unakwenda kwenye nywele za Mbula na kuondoa ganda kavu la maharagwe, taratibu, bila haraka yoyote, na Mbula akatulia kama ndama anayekunwa. Hakuna mtu aliyewaambia wafanye hivyo.

Tangu hapo kamera haikupata tena ruhusa ya kwenda karibu.

*

Saa ya chakula walikaa nje ya jikoni kwa Mzee Mulei. Ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka mabondeni na jua limetoka, jua dogo la Agosti lisilopasha mtu joto. Mbula alikuwa akigawa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Sahani ya Mutindi ilijaa, hakunyimwa kitu, lakini sahani ya Musembi ilikuwa na avokado iliyomenywa na kukatwa vipande, na Mutindi aliiona kabla haijamfikia mwenyewe.

Wivu una macho mengi. Akasimama akamfuata Mbula jikoni.

"Mbula, ile ya kutoana maganda kwa nywele haikuwa kwa skripti."

"Mimi nilikuwa nimesimama tu." Mbula aliinama kuchochea moto. "Ni yeye alitoa."

"Na avokado?"

Mbula aliweka mwiko chini na kugeuka. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuudhi Mutindi zaidi.

"Dada, wacha nikuulize, na usikasirike. Mambo yako na Musembi ni ya kweli ama ni ya kusemwa tu?"

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu amesema. Ndiyo maana nauliza. Mimi sijaona wazee wake wakija kwenu. Sijasikia mbuzi wamefika kwa baba yako, Mzee Ndeti. Kila mtu huku anajua Musembi hana mtu."

"Ana mtu."

"Basi huyo mtu amemwacha barabarani." Mbula alisema kwa upole, karibu kwa huruma. "Mimi siibi, dada. Hata kanisani mnanijua. Lakini kitu kikikaa barabarani bila mwenyewe, mtu huokota."

Mutindi alitoka nje na moshi machoni, na haukuwa moshi peke yake.

Akamkuta Musembi nyuma ya ghala akifuta vumbi kwenye viatu alivyoazimwa. Koti lile jeusi lilimkaa vizuri kupita kiasi. Angekuwa amevaa kaptura ya kulimia, pengine siku hiyo ingekwenda vizuri zaidi.

"Kwa nini unamwangalia hivyo?"

"Nani?"

"Musembi, usinifanye mtoto."

Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua na kusoma kwa sauti ya darasani. "'Anamtazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi.' Hii si mwandiko yako? Mimi ni mwalimu. Nikipewa maagizo nafuata."

"Na maganda ya maharagwe niliandika wapi?"

Alicheka. Kisha kicheko kikamtoka usoni ghafla, akatazama upande wa kamera, pale Dirie alipokuwa akipangusa lenzi kwa kitambaa. "Si sote tuko kazini?" alisema. "Wewe pia uko kazini siku nzima."

Mutindi hakulielewa neno hilo, wala hakujaribu kulielewa. Alikuwa na lake.

"Utaenda lini kwa baba yangu?"

Swali hilo Musembi alikuwa amelizoea, na kila mara lilimfanya ashike kola ya shati. Mzee Ndeti, baba yake Mutindi, alikuwa na malori ya kubeba kabichi hadi Nairobi, na siku moja sokoni alisema mbele ya watu: mwalimu wa chaki atamlisha binti yangu nini, vumbi? Musembi aliyasikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo akimwona Mzee Ndeti kwa mbali alikata kona.

"Nikipandishwa cheo," alijibu.

"Na kabla ya hapo?"

"Mutindi, baba yako hataki hata kuniona."

"Ataonaje mtu ambaye hajakwenda?"

Musembi alikunja karatasi ile na kuirudisha mfukoni. Ndivyo alivyokuwa, kijana mzuri aliyependa mambo yajipange yenyewe.

*

Baada ya chakula ilibaki shoti kubwa ya filamu nzima, ile ya mbuzi.

Kwa Wakamba, mtu anaweza kupeleka ng'ombe wakajaa bonde na bado akawa hana mke. Kinachofunga ndoa ni mbuzi wa ntheo. Wanaletwa kwa wazazi wa msichana, baba anamuuliza bintiye kama waliwe, naye akisema ndiyo, beberu anachinjwa na kuliwa pale pale. Baada ya hapo hakuna mjadala. Walokole na wasiookoka, mzee wa kanisa kama Mulei na mlevi wa soko, wote wanaheshimu mbuzi wale.

Mutindi alijua hayo tangu utotoni. Lakini chuo kilikuwa kimemfundisha kuita kila kitu kifaa cha filamu, na mbuzi akawahesabu pamoja na koti na viatu vya kuazima. Mpango wake ulikuwa kutumia mbuzi wa zizi la Mzee Mulei mwenyewe, watoke nje ya lango, wageuzwe na kurudi ndani, picha ipigwe, kisha waende malishoni. Halafu jana yake Mama Musembi akaja mwenyewe kusema, "Kwa nini muazime wa wenyewe? Mimi nitaleta wangu."

Mutindi alikaribia kumkumbatia. Mama huyo, tangu alipomwona sokoni amevaa suruali, alikuwa akimsalimia kwa kidevu. Leo anatoa mbuzi wake kusaidia filamu! Furaha ilimjaa mpaka akasahau kujiuliza.

Na sasa Mama Musembi aliingia langoni kwa Mzee Mulei, kitambaa cheupe kichwani, kanga mpya kiunoni, beberu mweusi na mbuzi jike wawili mbele yake. Nyuma yake wanawake wa kanisa waliimba. Mutindi alipiga picha hiyo kutoka ghalani, picha pana, boma lote ndani. Ilikuwa nzuri.

"Sasa karibu," Dirie alisema. "Mikono ikipeana kamba. Halafu uso wa baba. Halafu uso wa msichana, na uso wa mwanaume akimtazama. Bila hizo huna filamu, uko na picha ya boma."

"Dirie..."

"Filamu iliyobaki ni kidogo na kamera inarudi chuoni kesho. Ukungu nao unarudi, angalia." Alinyoosha kidole bondeni. "Mimi sijui umekosana na nani. Lakini shoti hii iko karibu. Wewe mwenyewe unajua iko karibu."

Alijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Ondoka basi," alisema. "Nishike mwenyewe."

Wakabeba kamera mpaka katikati ya boma. Mutindi akaweka jicho kwenye kioo, na dunia ikawa ndogo. "Akisheni!"

Kwanza mkono wa Mama Musembi, mkavu, umeshika kamba ya beberu. Kisha mkono wa Mzee Mulei ukaja ukaipokea. Kitu fulani katika mikono ile kilimgusa vibaya. Tangu asubuhi wenyeji hawa walikuwa wakiigiza kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho, wamekakamaa, wanasubiri kuambiwa. Mikono hii haikusubiri kuambiwa. Ilikuwa inajua inachofanya.

Akaipandisha lenzi mpaka usoni kwa Mzee Mulei. Mzee alikuwa amevua kofia. Filamu yao haikurekodi sauti, sauti zingetiwa baadaye Nairobi, kwa hiyo kila mtu alikuwa ameambiwa aseme apendavyo, mradi midomo iende. Mzee akasema, kwa Kikamba, polepole:

"Mbula mwanangu. Mbuzi wa Musembi mwana wa Nzuki wameingia kwangu. Tuwale?"

Katika filamu bwana harusi aliitwa Jonah. Bibi harusi aliitwa Kaluki.

Nyuma ya bega la mzee kulikuwa na kitu kinachong'aa, kimefifia. Mutindi alizungusha lenzi. Kikaja wazi. Mjomba wa Mbula alikuwa amechuchumaa karibu na zizi, ananoa kisu kwenye jiwe, na kando yake majani ya mgomba yalishatandikwa chini.

"Kata!" alipiga kelele. "Kata! Kata! Mzee, usichinje!"

*

Nyimbo zikakatika. Mzee Mulei alimtazama kama mtu aliyeingiliwa katikati ya sala.

"Nimekosea wapi?"

"Umetaja majina, Mzee. Majina yao ya kweli."

"Sasa nitaita mkwe wangu na jina ya nani?"

"Mzee, hii ni filamu! Tunaigiza."

"Asubuhi mliigiza, niliwaona, na nikawaacha." Mzee alionyesha mbuzi kwa kofia. "Lakini hii? Mama huyu alikuja hapa jana jioni, amevaa vizuri, akakaa kwa kiti yangu. Akasema mbuzi wanakuja kwa ukweli, na wewe na kamera yako mtatupiga picha ya ukumbusho, kama arusi ya mjini. Akasema umekubali. Mimi nikasema, huyo binti wa Ndeti ana moyo mzuri."

Basi mambo yalikuwa hivyo. Mutindi alidhani mbuzi wamekuja kwa ajili ya kamera, na mzee alidhani kamera imekuja kwa ajili ya mbuzi. Aliyejua ukweli wote ni mmoja tu. Mutindi akamgeukia.

Mama Musembi hakutikisika. "Si ni wewe ulisema unataka kila kitu iwe ya kweli? Nimekuletea."

"Mama, ulinidanganya."

"Nilikudanganya nini? Umeniuliza hawa mbuzi ni wa nani? Hukuuliza. Ulisema asante." Alifunga kitambaa chake upya. "Sikia, mwanangu, mimi sina chuki na wewe. Lakini mimi nina kijana mmoja. Wewe leo uko hapa, kesho Nairobi, kesho kutwa unazunguka na wanaume na masanduku. Nikizeeka nani ataniletea maji? Hiyo kamera?"

Wanawake wa kanisa walitazama chini, wengine wakificha cheko. Msichana wa heshima hasemi habari za mwanaume mbele ya wakubwa. Hasemi kabisa, anasemewa. Mutindi hakuwa na wa kumsemea. Aliyepaswa kusema alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, ndani ya koti jeusi, akitazama viatu.

"Musembi ni wangu," alisema.

Wanawake wa kanisa wakainua vichwa, naye akaendelea.

"Ni wangu. Sijaletewa mbuzi, sijaombwa na mtu, na najua hivi nasema ni aibu. Lakini tunapendana na yeye anajua. Hao mbuzi hawaliwi hapa."

"Yiiu!" mwanamke mmoja alisema, akashika mdomo.

Mzee Mulei alivaa kofia yake, akaivua tena. "Kijana," alimwambia Musembi. "Ni kweli?"

Musembi aliinua macho. Akamtazama mama yake. Akamtazama Mutindi, kisha Dirie aliyesimama nyuma yake, kisha akashusha macho chini tena. Neno halikutoka.

Mutindi aliona, na kila mtu aliona. Mbula ndiye aliyeona zaidi.

"Baba," Mbula alisema, "uliniuliza swali. Bado naweza kujibu?"

"Jibu, mwanangu."

"Msile."

"Mbula!" Mama Musembi alishtuka. "Si jana uliniambia—"

"Jana nilisema ndiyo, Mama. Nilifurahi hata sikulala. Nilikuwa namtaka, siwezi kudanganya." Sauti yake ilitetemeka, akaishika. "Lakini aliniletea mbuzi kwa mkono wa mama yake. Ameulizwa kitu moja tu, mdomo umekufa. Siku mama yake akiwa hayuko na nyumba inaungua, huyu atamuuliza nani?" Akamgeukia Mutindi, na sasa hasira ilikuwa imekuja. "Na usifikirie nimekufanyia wewe, dada wa kamera. Mimi sijakuachia. Nimemwacha yeye."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Alitembea vizuri mpaka kizingitini. Baada ya hapo walisikia analia.

Mzee Mulei hakupiga kelele. Mtu akishaaibishwa kwake huwa ama anapasuka au anapungua, naye alipungua. Akamrudishia Mama Musembi kamba. "Hawajachinjwa," alisema. "Nenda nao, mama. Tutaonana kanisani." Akamwambia shemeji yake aweke kisu chini.

*

"Ulijua?" Mutindi alimuuliza Musembi. Walikuwa wamesimama langoni. Hakuwa na nguvu ya kwenda mbali zaidi na watu.

"Nilijua asubuhi. Mama alipofungua yule beberu nikamuuliza, akaniambia."

"Asubuhi. Na ukaja. Ukavaa koti."

"Mutindi—"

"Ukatoa maganda kwa nywele."

"Nilitoa ili uone!" Sauti yake ilipanda mpaka Dirie akageuka. "Nilijua uko kwa kioo. Siku zote hizi wewe na huyu mtu vichwa vimegusana kwa hicho kitundu kidogo. 'Dirie angalia hapa, Dirie karibia.' Mnaongea Kizungu yenu, mnacheka, mimi nimesimama pale kama nguzo ya waya. Nikasema, wacha na yeye aungue kidogo."

"Mimi?" Dirie aliita kutoka kwenye kamera. "Wallahi, mwalimu, mimi nina Abshiro wangu nyumbani na arusi ni baada ya Idi. Muulize Mutindi, amechoka kuonyeshwa picha yake."

Wakati mwingine Mutindi angecheka. Wivu ulikuwa umekaa kwa wote wawili siku nzima, kila mmoja akijikuna upande wake na kudhani mwenzake ni mzima. Lakini hakucheka, kwa sababu swali lilikuwa limemjia, na alikuwa akiogopa jibu lake kuliko alivyowahi kumwogopa Mbula.

"Na kama nisingepiga kelele?"

"Nilijua utapiga."

"Hukujua. Nilikuwa nimekataa kuja karibu tangu asubuhi. Ningekuwa kule kwa ghala, nisingesikia jina, nisingeona kisu. Mbula angesema ndiyo. Mbuzi angechinjwa. Wangekuletea nyama kwa sahani, Musembi, na wazee wanakuangalia. Ungefanya nini?"

Alifungua mdomo. Mutindi alisubiri. Alisubiri kwa moyo wote, tayari kupokea hata uongo mdogo.

"Sijui," Musembi alisema.

Ilimchoma kuliko maganda, kuliko avokado, kuliko wimbo wa wale wanawake. Machozi aliyoyazuia mbele ya wakubwa yakamshuka, naye akayaacha. "Angalau hukunidanganya," alisema.

Mama Musembi alikuwa ameshakusanya mbuzi wake njiani. Musembi alimtazama, kisha akaruka mtaro na kwenda kushika kamba ya beberu. "Leta, Mwaitu. Wanaenda kwa Mzee Ndeti. Sasa hivi."

"Nani amesema?" mama alifoka.

"Hapana," Mutindi alisema, na wote wawili wakageuka. "Hao hawaingii kwetu. Wametolewa kwa Mbula, wakaulizwa kwa jina la Mbula. Mimi si wa kuletewa kilichorudishwa. Na sitaki mbuzi unaowashika kwa sababu umeaibika."

Musembi alisimama na kamba mkononi. Alionekana mdogo ndani ya koti lile, na Mutindi alimpenda hata hapo, jambo lililomtia hasira mpya. Kisha akaona kitu kinabadilika. Musembi hakushika kola. Alimrudishia mama yake kamba, kwa heshima, mikono miwili.

"Pole, Mwaitu," alisema. "Nenda nao nyumbani."

"Na wewe?"

"Mimi naenda kwa Mzee Ndeti."

Mutindi alishtuka. "Na nini mkononi?"

"Sina kitu." Alionyesha viganja. "Nina mdomo."

Akashika njia. Hakupita mtoni, njia ya kujificha waliyoizoea. Alipanda moja kwa moja kuelekea sokoni, mchana, na koti la arusi la kuazima, mahali ambapo kila mwenye duka angetoka mlangoni kumtazama. Mama yake alimwita kwa jina lake, kisha kwa jina la babu yake. Hakugeuka.

Mutindi alisimama mpaka akapotea nyuma ya mikalitusi. Alitaka kumfuata na alijua hapaswi. Akarudi kwenye kamera, akainama, akakuta haoni kitu, machozi yamejaa kwenye kioo.

Dirie alimpa kile kitambaa chake cha lenzi. "Baba yako atamfanya nini?"

"Baba? Atamfukuza na rungu mpaka barabarani."

"Sasa mbona unacheka?"

"Kwa sababu ameenda," alisema.